Wiki ya mbio: Kujua pa kusimama nako ni mazoezi

Wilayani Mbulu, mtoto akilalamika kwamba amechoka kwenye mchakamchaka, si ajabu mzee mmoja akamkumbusha habari za John Stephen Akhwari. Ni mwana wa Mbulu huyo, aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye Oktoba 20, 1968 aliiwakilisha Tanzania katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza mbio hizo na 57 ndio waliomaliza. Akhwari alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Ni habari nzuri na inastahili kuendelea kusimuliwa. Tatizo ni pale wazazi wanapoigeuza kuwa dawa ya kila maumivu: mtoto anachechemea, anaambiwa avumilie kama Akhwari.

Sehemu ya pili ya habari hiyo husimuliwa mara chache. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Scotland, Akhwari alikimbia tena marathoni na kushika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Goti lile lilikuwa limepona. Alivumilia siku moja, kwenye mbio kubwa kuliko zote, na baada ya hapo mwili ulipewa muda wake. Bila muda huo kusingekuwa na Edinburgh.

Tofauti hiyo ndiyo inayowapiga chenga wakimbiaji wengi wa ridhaa, yaani wanaokimbia kwa afya na kwa kupenda huku wakiwa na kazi, shamba na watoto. Ili kuiona vizuri, chukulia mama mmoja wa Katesh, wilayani Hanang, na wiki yake moja ya mbio.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 38, watoto watatu na shamba la mahindi na maharage. Amejiandikisha kukimbia kilomita 21 katika Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Binti yake wa miaka 14, aliye kidato cha kwanza, atakimbia kilomita 5. Wote wawili wamefanya mazoezi tangu Novemba. Nauli imetengwa, na fulana za mbio zimeshalipiwa.

Jumatatu: Siku ya kupumzika

Katika wiki za kawaida mama huyu hukimbia kilomita 40 hivi, kwa siku nne. Wiki ya mbio anapunguza hadi chini ya nusu, na Jumatatu hakimbii kabisa.

Wengi hudhani mwili unapata nguvu wakati wa kukimbia. Ukweli ni kwamba unapokimbia, misuli na mifupa huchoka na kupata madhara madogo madogo. Nguvu huja baadaye, mwili unapoyatengeneza madhara hayo kwa chakula, usingizi na muda. Anayekimbia kwa bidii kila siku huanza kuvunja kabla fundi hajamaliza kujenga.

Lakini pumziko la Katesh lina mambo yake. Februari ni msimu wa palizi. Mama akitoka shule anashika jembe hadi jua linapozama, na saa tatu za palizi si kupumzika. Njia rahisi ni kupanga palizi nzito iangukie siku ambayo tayari ina mazoezi, au kuifanya mapema kabla ya wiki ya mbio, ili siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika.

Kwa binti hesabu ni kubwa zaidi. Shule iko kilomita 4 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kilomita 8, na kwa siku tano ni kilomita 40 za kutembea kabla hajafunga kamba za viatu vya mazoezi. Akitoka shule anachota maji, na ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mzazi anayehesabu mazoezi ya mwanawe aanzie hapo. Mtoto wa mjini anayepelekwa shule kwa gari na mtoto wa Hanang hawawezi kupewa ratiba moja.

Jumanne: Kukimbia huku unaongea

Saa 12 asubuhi mama na binti wanatoka. Katesh ina baridi saa hizo, na Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, mara nyingi umejifunika wingu. Zoezi ni kilomita 6 za taratibu, halafu wanakimbia kwa kasi mita 100 mara nne, wakipumzika vya kutosha katikati.

Taratibu maana yake nini? Kipimo hakihitaji saa ya bei mbaya. Mkimbiaji aweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo. Akishindwa kumjibu mwenzake, amekwenda mbio kupita lengo la siku. Mazoezi mengi ya wiki, hata kwa mabingwa, hufanyika kwa mwendo huu wa kuongea. Kosa la kawaida la wakimbiaji wa ridhaa ni kushindana kila asubuhi, kisha siku ya mashindano miguu ikawa haina kitu.

Kilomita ya tatu, binti anaanza kubaki nyuma. Mama anageuka na kumwona akikanyaga kwa ncha ya mguu wa kushoto.

"Una nini, mwanangu?"

"Kawaida tu, mama. Ugoko unauma kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Lakini nikishapata joto unaachia. Leo tu ndiyo haujaachia."

Hapo mama anasimamisha mazoezi. Wanarudi kwa miguu.

Alichofanya ni sahihi, kwa sababu maumivu ya mbio ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya uchovu: misuli ya paja au ya nyuma ya mguu inauma pande zote mbili, inauma ukiibonyeza popote, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili au tatu. Huyo anaweza kukimbia taratibu.

Aina ya pili ni ya jeraha. Dalili zake ni hizi: maumivu yako mguu mmoja, mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, yanaongezeka jinsi mtu anavyokimbia, yanamfanya achechemee, yanauma hata usiku akiwa amelala, au anashindwa kuruka kwa mguu huo mmoja. Maumivu ya namna hiyo juu ya mfupa wa ugoko au wa unyayo yanaweza kuwa ufa mdogo unaotokana na mfupa kugongwa mara nyingi bila kupumzishwa. Akiendelea kukimbia, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili.

Watoto wana sehemu nyingine mbili za kuangaliwa. Kati ya miaka 9 na 15 hivi, mifupa ikiwa bado inakua, wengi huumwa kisigino kwa nyuma au uvimbe mdogo chini ya goti. Mara nyingi si ugonjwa mkubwa, ila hutaka mazoezi yapunguzwe hadi maumivu yaishe. Kulazimisha huyarefusha.

Jumatano: Maswali ya jikoni

Usiku wa Jumanne mama anamkanda binti mguu na kumuuliza maswali mengine. Anakula nini shuleni? Mara nyingi hali, kwa sababu tumbo likijaa hakimbii vizuri mazoezi ya jioni. Siku zake zinakwendaje? Kimya. Mwisho anasema hajaziona tangu Novemba.

Katika nyumba nyingi wazo la kwanza hapo ni mimba, na maneno makali huanza kabla ya kipimo. Kipimo kifanyike, kwa utulivu na kwa faragha, kwa kuwa ni hatua ya kawaida ya kitabibu. Lakini kwa msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, kuna sababu nyingine ambayo wazazi wachache wanaijua. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya huanza kubana matumizi, na hedhi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kusimamishwa. Homoni zinazoleta hedhi ndizo pia zinazosaidia kujenga mifupa. Zikipungua, mifupa hudhoofika katika umri ambao ilipaswa kuimarika kwa kasi.

Ni kweli kwamba katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuvunja ungo siku za msichana zinaweza kuyumba. Hata hivyo, zikikosekana kwa miezi mitatu mfululizo aonwe na mhudumu wa afya. Isichukuliwe kuwa nafuu, wala kuwa ishara kwamba sasa amekuwa mwanamichezo kamili. Hedhi iliyokatika na ugoko unaouma mahali pamoja ni tatizo moja lenye milango miwili.

Chakula cha kurekebisha hali hiyo kinapatikana Mbulu na Hanang bila kwenda supamaketi. Ugali au viazi vitamu hutoa nguvu ya kukimbia, na msichana anayefanya mazoezi anahitaji sahani kubwa kuliko asiyefanya. Maharage, mbaazi, mayai, maziwa, dagaa na nyama hujenga misuli. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa madini ya kalsiamu. Kwa madini ya chuma, yanayozuia upungufu wa damu, kuna nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani kama mchicha na mnafu.

Kuna jambo dogo linaloharibu yote hayo: chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga. Inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Kinyume chake, limao, chungwa au pera pamoja na mlo huongeza ufyonzaji huo. Mkimbiaji anayechoka kuliko kawaida, anayeona kizunguzungu au ambaye kasi yake imeshuka bila sababu, apimwe damu kabla ya kuambiwa ni mvivu.

Alhamisi: Babu, duka la dawa na daktari

Alhamisi babu, mzaliwa wa Mbulu, amekuja kuwaaga wasafiri. Anasikia kwamba mjukuu huenda asikimbie.

"Kwa ugoko? Akhwari alimaliza na goti limetoka, mjukuu wangu. Wewe ni kilomita tano tu."

Binti anamtazama mama yake. Tayari ameshauliza bei ya dawa ya maumivu kwenye duka la dawa, na rafiki yake amemwambia ukimeza mbili kabla ya mbio husikii kitu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hazitengenezi mfupa, zinazima kengele tu. Mtu anaendelea kukanyaga jeraha bila kusikia. Zaidi ya hilo, zikimezwa kabla ya mbio ndefu, mwili ukiwa unapoteza maji kwa jasho, zinaweza kuumiza figo na tumbo. Mkimbiaji anayehitaji dawa ya maumivu ili aweze kuanza mbio hajawa tayari kuanza.

Mama anampeleka binti hospitali. Kipimo cha mimba hakionyeshi kitu. Picha ya eksirei nayo inaonekana safi, na hapo wazazi wengi wangeshangilia. Lakini daktari anaeleza kwamba ufa wa namna hii unaweza usionekane kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Kinachotazamwa zaidi ni maelezo ya mgonjwa na mahali panapouma pakibonyezwa. Binti anapimwa damu na kuambiwa apumzike kukimbia kwa wiki 6 hadi 8, ale mlo wa mchana shuleni bila kukosa, na arudi kuangaliwa. Kwa muda huo nyumbani wanakubaliana kwamba ndoo ya maji itabebwa na kaka yake.

Jioni mama anamweleza babu kwa heshima. "Baba, Akhwari alikuwa mtu mzima, na ile ilikuwa Olimpiki. Huyu ana miaka kumi na minne na mbio za Moshi zipo kila mwaka." Babu ananyamaza kidogo, kisha anauliza kama mjukuu anaweza kusafiri hata hivyo, akaone tu. Anaweza.

Ijumaa na Jumamosi: Safari

Basi la Katesh hupita Babati, Arusha, kisha Moshi. Safari ni ndefu, na kukaa muda mrefu hukaza miguu. Kila basi linaposimama, mkimbiaji ashuke atembee kidogo. Viatu vya mbio viwe kwenye mkoba wa mkononi, na viwe vilevile vya mazoezi. Viatu vipya siku ya mbio huleta malengelenge.

Kabla ya kuondoka kuna swali moja la lazima: kuna homa? Mwenye homa hakimbii. Apime malaria, na hata ikiwa ni mafua makali yenye homa na maumivu ya mwili, asubiri hadi apone. Kukimbia kwa nguvu ukiwa na homa kunaweza kuumiza moyo.

Jumamosi mama anakimbia taratibu kwa dakika 20, basi. Anakula vyakula alivyovizoea, anakunywa maji hadi mkojo uwe na rangi ya njano hafifu, na analala mapema. Watu wazima wanahitaji usingizi wa angalau saa 7, na vijana wa umri wa binti yake saa 8 hadi 10. Usiku wa kuamkia mbio wengi hawalali vizuri kwa wasiwasi. Ndiyo maana usingizi wa siku mbili tatu kabla yake una thamani kubwa.

Jumapili: Mbio zenyewe

Moshi iko chini kuliko nyanda za Mbulu na Hanang, na ina joto. Anayetoka kwenye baridi hujisikia mwepesi kilomita za kwanza kwa kuwa hewa ni nzito zaidi ya aliyoizoea, akadanganyika. Halafu njia inapanda kuelekea Mweka na jua linatoka. Kanuni ya mama ni kuanza kwa mwendo anaoweza kuongea na kuacha wanaomwacha wamwache.

Maji anakunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo. Kutokunywa ni hatari, na kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako ni hatari kwa sababu huzimua chumvi ya damu. Dalili za kusimama hata kama mstari wa mwisho unaonekana ni maumivu ya kifua, kizunguzungu kinachozidi, kuchanganyikiwa, au kuhisi baridi na kutetemeka juani. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au mwenye ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Mama anamaliza. Kwenye lango la Chuo Kikuu cha Ushirika, binti yake anamngoja na kanga na chupa ya maji. Amevaa fulana yake ya kilomita 5.

"Ningeweza, mama," anasema.

"Najua. Ndiyo maana ilikuwa ngumu."

Wiki inayofuata

Jumatatu tena hakuna kukimbia. Baada ya nusu marathoni, mkimbiaji wa ridhaa ahesabu wiki moja hadi mbili za mwendo mwepesi. Binti ana wiki zake 6 hadi 8, na kwake kurudi kutakuwa kwa hatua: kwanza kutembea bila maumivu, kisha kutembea kukichanganywa na kukimbia dakika moja moja, na hedhi ikiwa imerudi.

Kwa mtoto wa miaka 14 wiki nane ni kama mwaka. Mzazi anaweza kumsaidia kuuona umbali ulivyo. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh hiyohiyo, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 mjini Edmonton, Kanada, na miaka minne baadaye akatwaa nyingine ya mita 10,000 mjini Brisbane, Australia. Magdalena Shauri alikuwa na miaka 27 aliposhika nafasi ya tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Alphonce Simbu, kutoka mkoa jirani wa Singida, alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya mwaka 2016, wa saba Tokyo na wa 17 Paris mwaka 2024. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 33, akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Hakuna aliyewauliza walikimbia kilomita ngapi wakiwa kidato cha kwanza.

Babu naye ataendelea kusimulia habari za Akhwari, na asizuiwe. Aombwe tu kuongeza Edinburgh mwishoni.